Mtoto wa Dada

Mdomo akiugua, ukumbi wa video ulikuwa unafungwa. Meneja aliwahi kujaribu kuonyesha filamu bila yeye. Watu wakakaa dakika kumi wakiwaangalia wageni wakifungua na kufumba vinywa kwa lugha ya kwao, kisha wakaanza kudai warudishiwe kiingilio. Magari yalikuwa yanaruka, majumba yanalipuka, lakini wapi. Bila Mdomo, walisema, ni kama kuchungulia ugomvi wa jirani dirishani: unaona mikono tu, hujui nani kamkosea nani.

Jina hilo alipewa na wateja, naye alilipokea bila kinyongo kwa sababu mdomo ndio uliokuwa unamlisha. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya skrini, maiki mkononi, na kuwasemea watu wa kwenye filamu: bibi, jambazi, hakimu, mtoto mchanga, hata mbwa akibweka kwa sababu ya maana. Wote walikuwa yeye. Sauti zao wenyewe alizipunguza zikabaki kwa chini, kama watu wanaoongea chumba cha pili, halafu juu yake akaweka ya kwake. Kila filamu ilikuwa na daftari lake. Aliitazama mara tatu kabla ya kuionyesha: mara ya kwanza mikono mitupu, mara ya pili akiandika maneno magumu, mara ya tatu akiandika mizaha. Adui mkubwa, awe jenerali au jini, yeye alimwita Mwenye Nyumba. Kila Mwenye Nyumba alipochapwa, ukumbi uliojaa wapangaji ulipiga makofi hadi vumbi likashuka darini.

Watu walimuuliza lugha ile aliijulia wapi. Alijibu kwamba aliiokota huko huko ilikokuwa imedondoka. Wakacheka, swali likaishia hapo.

Mlangoni alikaa mkewe, kwenye stuli, mbele ya pazia jeusi zito, akichana tiketi. Mtaani mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mtoto wake. Huyu hakuna aliyewahi kumwona na mtoto, kwa hiyo walimwita Mama Mlango. Wengi walidhani ni utani mzuri. Aliitika kwa sauti ya chini, bila kununa na bila kucheka, kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake mzigo kidogo. Filamu alikuwa haziangalii. Akiulizwa, alisema sauti ya mume wake anaisikia bure nyumbani, hawezi kuifuata tena kazini.

Jumatano moja asubuhi Meneja akaja na flashi mfukoni. Meneja huyu hakuwa na mtu wa kumsimamia zaidi ya hao wawili, lakini cheo alikipenda na watu hawakumnyima. Alieleza kwamba kina mama wamelalamika, kila Jumamosi ni damu tu, ndipo akatafuta filamu ya machozi. Ni mke na mume waliokwenda ughaibuni bila makaratasi, mke ana mimba, wanajificha wasikamatwe kabla mtoto hajazaliwa. Bango lilikuwa limeshachapwa: mwanamke mwenye tumbo kubwa amekaa juu ya sanduku la nguo, nyuma yake mlango umefungwa.

Mdomo alilitazama bango, akauliza kama hakuna nyingine. Meneja akasema hii hii, Jumamosi, saa tisa alasiri.

Aliitazama peke yake mchana ule, feni ikizunguka juu ya mabenchi matupu. Ilikuwa filamu nzuri, na hilo ndilo lililomtia hofu. Mwanamume wa kwenye filamu alikuwa anabeba matofali, mkewe anasafisha ofisi alfajiri kabla wenye viti vyao hawajafika. Wamepanga chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, mtu mwema. Mtoto anazaliwa. Siku moja mke na mume wanakamatwa barabarani, mtoto kaachwa na yule mjane. Wanapelekwa ofisini. Mwanamume anawekwa mbele ya meza, anaambiwa mjane yuko radhi kumchukua yule mtoto, amlee kwenye nyumba yenye joto, apate shule na makaratasi. Anachotakiwa ni kusema tu kwamba si wake. Kamera inamkaribia. Jasho linamtoka puani. Anaulizwa mtoto ni wa nani.

Hapo Mdomo alisimamisha filamu. Akairudisha nyuma. Akaitazama tena, akaisimamisha pale pale, uso wa yule mtu ukabaki skrini nzima, kinywa kimefunguka nusu. Jioni alipofunga daftari, ukurasa wa sehemu ile ulikuwa mweupe.

Yeye aliwahi kuulizwa swali hilo hilo, na jibu lake mkewe hakulijua mpaka leo.

Ilikuwa miaka minane imepita. Walikuwa kule, nchi ya watu, mwaka wa tatu bila kibali. Mkewe alipiga pasi mashuka ya hoteli kwenye chumba kisicho na dirisha, mashuka yanaingia yamejikunja na kutoka yamenyooka kama ukuta. Yeye aliosha masufuria makubwa kiasi kwamba ilibidi aingize kichwa ndani ndipo afikie chini kabisa. Lugha aliipata jikoni, kwa matusi kwanza, baadaye kwa adabu. Aliipata vizuri. Wenzake walimtuma awasemee dukani, kwa wenye nyumba, kwenye simu. Alijivuna kidogo, tuseme ukweli.

Ghorofa ya nne ya jengo lao aliishi mwanamke wa kwao, mtu mzima kuwazidi, mwenye makaratasi yake yote. Siku waliyofika aliwashushia sahani ya chakula na blanketi. Wakamwita dada, kama ambavyo yeyote angemwita. Hakuwa na mtoto, mume alikuwa ameshaondoka na taa nzuri za sebuleni. Hadithi ya zile taa aliisimulia kwa kucheka hadi akashika mbavu. Ya mume hakuisimulia.

Mimba ilipoonekana, mkewe ndiye aliyekwenda kugonga mlango wa ghorofa ya nne. Hospitali ilitaka kadi ya matibabu. Dada alikuwa nayo, haumwi hata mafua, kadi imelala kwenye droo. Urefu walikuwa karibu sawa, na kwa macho ya wenyeji wale sura zao zilikuwa sawa kabisa. Dada alitoa kadi kabla hajamaliza kuombwa.

Ikabidi mama mjamzito ajifunze kuitika jina lisilo lake. Mara ya kwanza kliniki waliliita mara tatu, yeye anaangalia ukutani, anamwonea huruma huyo mtu aliyechelewa. Baada ya hapo Mdomo akawa anamzoeza nyumbani. Anamwita jina la dada ghafla, akiwa anafua, akiwa amesinzia. Siku aliyomwita kwa jina hilo huku akimbusu, alirushiwa kandambili.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, wa kike, mdogo sana. Walimwita Tone. Na kwenye cheti cha kuzaliwa, mahali pa mama, hospitali ikaandika jina la kwenye kadi.

Mtu anaweza kushangaa: hawakulifikiria hilo? Hawakulifikiria. Walifikiria macho ya manesi, picha ya kwenye kadi, na jinsi ya kutia saini ya mtu mwingine katikati ya uchungu. Kwamba karatasi itaamini kadi ndiyo iliyozaa, halikumjia yeyote kichwani. Dada alikisoma cheti, akakisoma tena, akacheka na kusema basi wamezaa wote. Kisha akakikunja taratibu, akakiweka kwenye droo ilimotoka kadi.

Wakakubaliana, kwa usalama wa wote watatu: atakayeuliza aambiwe Tone ni mtoto wa dada, wao ni ndugu wanaosaidia kulea. Mdomo akaitengeneza sentensi ile kwa lugha ya kule. Ikamsumbua. Kwetu dada ni dada, humwulizi mtu zaidi. Kule hakuna dada hivi hivi. Ukimtaja wanataka kujua: wa kuzaliwa, wa kambo, wa ukoo? Kwa hiyo akaikamilisha isije ikamkwamisha: ni mtoto wa dada yangu, baba mmoja, mama mmoja. Aliirudia mbele ya kioo cha sinki asubuhi na jioni hadi ikatoka bila kigugumizi. Katika lugha nzima ile, ndiyo sentensi pekee aliyoisema kama mzaliwa.

Tone akiwa na miezi kumi na moja, anasimama kwa kushika kochi, maofisa wakaja kupita mlango kwa mlango. Wakawachukua wote watatu, wakamwita na dada kutoka kazini, akaja na cheti. Mke na mume wakatenganishwa vyumba. Mdomo akaulizwa kama anahitaji mkalimani. Akasema hahitaji.

Ofisa alikuwa mwanamke mwenye mafua, mezani amezungukwa na karatasi za kufutia pua. Hakuwa mkali. Alimweleza polepole kwamba mkewe, chumba cha pili, amesema mtoto ni wake wa kumzaa na kadi ilikuwa ya kuazima. Karatasi inasema vingine. Kama na yeye baba anasema ni wao, basi watapimwa damu wote watatu na hakuna atakayesafirishwa mpaka majibu yatoke. Kwa hiyo anasemaje?

Alielewa kila neno. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba hawezi kusingizia lugha. Alijiambia kwamba aliogopa mkewe atafungwa kwa ajili ya kadi, aliogopa Tone atapelekwa kwenye nyumba ya watoto wasio na wazazi, aliona heri abaki kwa dada kwa muda halafu atafuatwa. Lakini hayo aliyawaza kwenye ndege. Pale mezani hakuwaza. Mdomo ulijifungua wenyewe ukasema ulichozoezwa: ni mtoto wa dada yangu, baba mmoja, mama mmoja. Ofisa akaandika, akafuta pua, akamshukuru.

Siku ya nne walipandishwa ndege, wawili. Dada alituma picha ya Tone akitembea. Akatuma nyingine, Tone amevaa kofia. Kisha akahama, namba yake ikawa haipatikani, na waliokuwa wakimjua wakasema hawajui alikohamia.

Mkewe alijua tu kwamba alisema wangu na hakuaminiwa. Akatafuta sababu, akaipata: kadi. Mwaka hadi mwaka, siku inapofika ya kuzaliwa kwa Tone, alikuwa anasema katikati ya kazi nyingine, anachambua mboga au anakung'uta mkeka, kwamba miguu yake ndiyo iliyopanda ngazi kwenda kumwomba kadi yule mwanamke. Kwamba yeye ndiye aliyemtoa mtoto wake kwa mikono yake. Na mumewe alikuwa anamwambia aache, mke wangu, yameshapita.

Neno la ofisini alilisema mara moja. Hili la aache, alilisema miaka minane.

Alhamisi Mama Mlango alilibandika bango mlangoni kwa gundi, akalipiga-piga kwa kiganja kona zote nne, akarudi nyuma kuliangalia. Mumewe alikuwa anafuta skrini. Aliambiwa bila kugeukiwa kwamba Jumamosi hii mkewe ataingia ndani, ataangalia. Akauliza nani atashika mlango. Akajibiwa kwamba mlango una bawaba, hauhitaji kushikwa.

"Nataka nione wenzangu walifanyaje," alisema mkewe. "Wale ambao hawakuwa na akili yangu ya kuazima kadi."

Mdomo akaenda kwa Meneja akidai koo limekauka. Meneja akamletea maji ya moto na limau, akamkumbusha kwamba koo lile ni mali ya ukumbi. Kama ni lazima, alisema, atamwita Kasuku wa ukumbi wa ng'ambo. Huyo Kasuku alikuwa anawasemea wote kwa sauti moja, kiasi kwamba kwenye filamu ya harusi watu walitoka bila kujua nani kaolewa na nani. Mdomo akafikiria kukubali. Akaona mkewe ataingia vile vile, ataliona lile jasho la puani, atasikia kwa masikio yake yule mtu akijibu, kisha atarudi nyumbani kujilaumu upya. Na yeye atamwambia aache. Akanywa yale maji.

Jumamosi watu walijaa hadi waliokosa benchi wakakaa kwenye kreti za soda. Kina mama walikuja na vitenge vya kufutia macho, wengine wakaanza kulia kwenye tangazo la sabuni ili kupasha misuli. Fundi Viatu alikaa mbele kabisa kama kawaida yake. Alikuwa na tabia ya kutabiri mwisho wa kila filamu kwa sauti, na akikosea analaumu filamu. Mama Mlango alikaa benchi la tatu, ukingoni, mikono kwenye mapaja.

Nusu ya kwanza Mdomo alifanya kazi kama siku zote. Mke wa kwenye filamu alipoficha tumbo chini ya koti la mume wake, alimsemea kwa sauti ya kikongwe akilalamika kwamba amevimbiwa na maharage, watu wakacheka. Mjane mwenye chumba alipojitokeza, ukumbi ukazomea kwa mazoea. Ikabidi awaambie leo Mwenye Nyumba ni mtu mzuri, wastahimili, haitajirudia. Mtoto alipozaliwa alimlilia yeye mwenyewe, kilio chembamba, cha mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Kilio hicho hakikuwa kwenye daftari. Alikuwa amekisikia mahali.

Halafu wakakamatwa. Halafu meza. Ofisa akauliza, Mdomo akamsemea ofisa, vizuri kabisa: mtoto huyu ni wa nani? Uso ukajaa skrini. Yule mwanamume akajibu. Kwa lugha ya kule ni maneno mawili tu, mafupi.

Kwenye spika ikatoka: "Ni mtoto wa dada yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Ilikuwa ndefu mno. Yule mtu wa kwenye skrini alikuwa ameshafumba kinywa, anameza mate, na Kiswahili bado kinaendelea. Benchi la tatu likalia, kama linavyolia mtu akikaa wima ghafla. Mdomo hakugeuza shingo. Ukumbini kulikuwa na watu wengi, lakini mmoja tu aliyeijua ile lugha ya chini, iliyokuwa inasikika kama watu wa chumba cha pili.

Akaendelea. Angefanya nini? Midomo ya watu ilikuwa inafunguka inamsubiri. Lakini filamu haikumfuata. Ofisa wa kwenye filamu akainuka, akafungua mlango, mjane akaingia na mtoto, akamkabidhi baba yake. Mke akaletwa, wakakumbatiana watatu. Kina mama walioshika vitenge tayari wakabaki wamevishika.

Fundi Viatu ndiye aliyeanza. Alitaka kujua kama amesikia vibaya au Mdomo leo amekunywa kitu. Jamaa kamkana mtoto mchana kweupe, sasa mbona anapewa? Mwingine akadakia kwamba labda ile ni mbinu. Mwingine akasema filamu yenyewe imekatwa vipande, Meneja kanunua ya bei rahisi. Zogo likaanza.

"Hakumkana," alisema Mama Mlango.

Hakuwa amepaza sauti, ila hawakuzoea kumsikia akiwa ndani, wakageuka.

"Kasema ni wake," alisema. "Ni wangu. Ndivyo alivyosema."

Fundi Viatu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa mtu wa kupenda hadithi inyooke. Akauliza sasa yule aliyesema mtoto wa dada ni nani.

Mama Mlango alikuwa anakitazama kile kiti cha plastiki. Akasema hata yeye anataka kujua.

Maiki ilikuwa bado inawaka mkononi mwa Mdomo. Alipovuta pumzi, spika nayo ikavuta.

"Ni mimi," alisema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ndiyo, ni yeye, nani mwingine? Si ndiye bibi, si ndiye jambazi, si ndiye mbwa? Fundi Viatu alipiga benchi kwa viganja hadi machozi yakamtoka, akasema huyu mtu atatuua. Katikati ya kicheko kile pazia likafunguka, mwanga wa alasiri ukaingia ukakata skrini vipande viwili, kisha pazia likajifunga.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Alizisema zote. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba ile sehemu ya mwisho aliisema vizuri kuliko kawaida, bila mzaha hata mmoja, na kwamba hatimaye vitenge vilitumika.

Alimkuta mkewe nyumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu mguuni. Jua lilikuwa bado linapita dirishani. Alibaki amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Mkewe alitaka kusimuliwa ofisi ile tangu mwanzo, na asiruke kitu. Akasimulia: meza, mafua, karatasi za kufutia pua. Alipofika kwenye kupimwa damu, akasita.

"Walikwambia watatupima?"

"Waliniambia."

"Ukaelewa?"

"Nilielewa."

Mkewe alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayehesabu kitu kinachofika sawasawa. Alisema kwamba chumba cha pili alisubiri sana. Walimwambia mumeo anaulizwa sasa hivi, akajifuta uso, akajiandaa kutolewa damu, akawa amekunja na mkono wa gauni. Waliporudi hawakumweleza kitu. Walimwambia tu ashushe mkono.

"Miaka minane najiita muuza mtoto," alisema. "Nawe ulikuwa unanisikia."

Mdomo, aliyewahi kuwasemea majenerali na majini, akaanza kutaja kifungo, kadi, hofu. Mkewe akainua kiganja kumkatiza. Kisha akavuta mkoba kutoka chini ya kitanda, akaweka nguo mbili na kitana. Alisema anakwenda kwa dada yake, na akaongeza, bila hasira, kwamba huyu ni wa tumbo moja kweli.

Jumapili ilipita. Jumatatu ukumbi haukufunguliwa, Meneja akaja kugonga, akapiga mlango, akatukana kidogo, akaondoka. Jumanne saa nne asubuhi mkewe akaingia na ule mkoba begani. Mdomo alikuwa mezani na chai iliyopoa. Akainuka haraka, kiti kikaanguka.

"Sijarudi," alisema mkewe. "Nimekuja kuandika."

Aliweka mezani karatasi nyeupe, kalamu, bahasha, na waraka mmoja wa zamani uliochakaa kwenye mikunjo. Ulikuwa ule waliosafirishwa nao. Juu yake palikuwa na anwani ya ile ofisi na namba ya faili. Alieleza kwamba dada yake anafanya usafi kwenye ofisi ya serikali mwaka wa kumi na mbili sasa na anaapa kwamba ofisi haitupi faili, hata panya wakizaliana humo. Basi faili lao lipo. Na humo ndani kuna karatasi yenye maneno ya mume wake na sahihi yake. Wataandika kwamba maneno yale ni ya uongo. Watakubali kupimwa damu popote. Kadi ataikiri, wakitaka kumshitaki wamshitaki.

Mdomo akasema, kwa tahadhari, kwamba Tone sasa ana miaka tisa. Hatawajua. Pengine anamwita dada mama, na pengine anampenda.

"Anampenda," alisema mkewe. "Najua hilo. Andika."

Akaandika. Lugha ile ilikuwa imemkaa kichwani kwa filamu tu siku hizi, ilimjia na vitisho na mapenzi, ikabidi aitafute ile ya kawaida, ya jikoni na ya dukani. Aliandika polepole, akakata, akaandika upya. Ilipita karibu saa nzima. Kisha akampa mkewe asome, lakini mkewe alitaka asomewe kwanza, neno kwa neno, kwa lugha ya kule halafu kwa Kiswahili, yeye akiifuata karatasi kwa macho. Zamani alikuwa anamwachia mumewe maneno yote ya nje. Leo alimsimamisha mara mbili, akauliza neno lile lina maana gani hasa, na kama hakuna jingine lililonyooka zaidi.

Baada ya hapo akaichukua mwenyewe. Alisoma kwa kusogeza midomo bila sauti. Mstari wa tatu akasimama, akanyoosha mkono apewe kalamu, akakata neno moja.

"Umeandika wetu," alisema. "Nakili upya, uweke wangu. Kwenye hii mimi ndiye ninayetia saini, na mimi nilishasema hivyo toka siku ile. Lako liandike kwenye karatasi yako."

Alinakili. Mkewe akatia saini kwa jina lake la kuzaliwa, akaipuliza wino ukauke, akaikunja. Kisha akasukuma karatasi ya pili upande wa pili wa meza.

Mdomo aliinyoosha kwa kiganja ingawa haikuwa na mkunjo. Akaandika tarehe. Akaandika jina lake kamili, ambalo mtaani hakuna aliyelijua. Kalamu ikasimama hapo. Nje watu walipita wakiongea, mmoja akauliza ukumbi utafunguliwa lini. Mkewe hakumharakisha. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, bahasha wazi magotini, mkoba bado begani, akimsubiri amalize.